Jogoo wa Mavuno

Tulipokaa kugawa nguo za Mama baada ya msiba, mdogo wangu alitoa kitenge kimoja chini kabisa ya sanduku akakitupa kwenye rundo la kuchoma. Kilikuwa cha umoja wa wanawake wa kanisani, bluu iliyopauka, na upande mmoja rangi ilikuwa imeliwa. Nilimpokonya. Akanitazama kwa mshangao, maana mimi ndiye niliyekuwa nasema tangu asubuhi kwamba matambara yote ya kanisani yachomwe. Nikakiweka puani. Kinanuka petroli. Najua hakinuki, kimefuliwa mara nyingi na kimelala sandukuni zaidi ya miaka thelathini, lakini kwangu kinanuka, na hata leo mtu akijaza mafuta karibu yangu napandisha kioo na kuziba pua.

Wenzangu wakiandika utoto wao huupaka asali. Mimi nikikumbuka utoto nakumbuka geti. Nakumbuka geti la kanisa letu, la bati lililopakwa rangi ya kijani, likifungwa. Sitalitaja kanisa lenyewe kwa sababu bado lipo, na baadhi ya waliofunga bado wapo na wana wajukuu. Lakini nikimsikia mtu anahubiri upendo, jicho langu huenda getini kwanza.

Nyie wa rika langu mliokulia Temeke mnakumbuka maji yalivyokuwa. Koki ilikuwepo uani, imesimama tu, na wapangaji wote tuliijua kwa kuning'inizia vitambaa vya kukaushia. Maji tulinunua kwa Saidi, kijana mmoja wa mkokoteni wa madumu, mpole, aliyekuwa akipita anapiga dumu tupu kwa kijiti ili tujue amefika. Mimi alikuwa ananiita mchumba. "Mchumba, leo mangapi?" ananiuliza, na mimi namwonyesha kwa vidole, nimevimba kichwa. Nilikuwa na miaka tisa. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani sikumjua.

Mali yangu pekee duniani ilikuwa jogoo anayeitwa Bosi. Nilimlea tangu kifaranga, ndugu zake wote walipobebwa na kunguru mmoja baada ya mwingine. Alikuwa mwekundu, mkorofi, anadonoa miguu ya wapangaji, na jioni alikuwa anakuja kulala chini ya stuli yangu. Baba, aliyekuwa kuli bandarini, alisema yule ndiye mwanaume wa kweli pale nyumbani.

Sasa, kanisani kwetu kulikuwa na Sikukuu ya Mavuno. Sisi watu wa mjini hatuna hata kitalu cha mchicha, lakini siku hiyo ikifika kila nyumba lazima ipeleke kitu mbele ya madhabahu. Wengi walikuwa wanapitia sokoni asubuhi, wananunua fungu la nyanya au boga, wanaingia nalo kanisani kwa unyenyekevu mkubwa kana kwamba wamelilima. Ibada ikiisha, vitu vyote vinapigwa mnada uwanjani. Mzee Anderea, mzee wa kanisa, ndiye aliyekuwa mnadi, mwenye sauti na vichekesho, na ilikuwa kawaida mtu kununua kitu halafu akampa mwingine palepale, mjane au mgonjwa au yeyote aliyemwona. Watu wanapiga makofi. Kupiga makofi hawajambo.

Jumapili ile Mama alimkamata Bosi alfajiri, akamfunga miguu kwa kipande cha kanga. Nililia mpaka nikatapika chai.

"Mama, si tupeleke nyanya? Mama Joshua anapelekaga nyanya kila mwaka!"

"Nyanya ununue saa moja, saa mbili umpe Mungu, hiyo sadaka au umempitishia mzigo?" Mama alisema. "Mungu anapewa kitu kinachouma, Neema."

Baba alikuwa anavaa viatu aende zamu. Akacheka kwa pua. "Kinamuuma nani? Mbona naona anayeumwa ni mtoto?"

Mama hakumjibu. Hilo ndilo lilikuwa tatizo lake maisha yote, kwenye maneno ya maana hakuwa anajibu.

Bosi aliwekwa mbele ya madhabahu katikati ya maboga na mihogo, na mchungaji alipofika katikati ya mahubiri akawika. Kanisa zima likacheka. Mimi nilikaa nimekunja uso, nimevaa viatu vyangu vyeupe vya sikukuu, namchukia mchungaji, namchukia Mama, na kama nitasema kweli, namchukia na Mungu, aliyekuwa na kila kitu na bado akataka jogoo wangu.

Mnada ulipoanza sikutaka kuuona. Nikazunguka nyuma ya kanisa nikapanda kwenye jukwaa la zege la tangi la maji, pembeni mwa ukuta, ambako ukikaa unaona barabara yote upande wa pili. Nilikuwa na mantiki yangu ya kitoto: nisipomwona akinunuliwa, bado ni wa Mungu, na Mungu hachinji kuku. Nikakaa pale nasikia Mzee Anderea akipandisha bei ya boga. Ndipo nikamwona Saidi. Alikuwa ameleta maji ya kupikia chakula cha sikukuu. Mkokoteni ameuacha ndani, yeye anatoka getini haraka haraka, na kwapani amembana Bosi.

Kwa miaka mingi, nilipojisimulia habari hii, nilisema nilikosea kama mtoto yeyote angekosea. Nilimwona mtu anaondoka na jogoo wa Mungu, nikadhani anaiba. Ni kweli, nilidhani. Lakini nilimjua. Ningeweza kuita "Kaka Saidi!" naye angegeuka, angeniambia mchumba vipi, na kila kitu kingeishia hapo. Jina lake lilikuwa mdomoni mwangu. Nilikuwa na hasira tangu alfajiri na sikuwa na pa kuipeleka, nikaliacha jina nikachukua neno jingine.

"Mwizi!" nilipiga yowe. "Mwizi! Mwizi wa kuku!"

Nilichotaka ni amwachie Bosi tu. Nilidhani neno lile linafanya hivyo, mtu akilisikia anaangusha alichobeba anakimbia, basi. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kijiwe, wabeba mizigo wanaosubiri kazi na fundi pancha mmoja na vijana wake. Hawakuwa watu wa mtaa wetu, hawakumjua Saidi kwa lolote. Waliinuka wote kwa pamoja, na nakumbuka kilichonishangaza ni kwamba walikuwa wanacheka. Saidi hakukimbia. Aligeuka kutafuta mwizi yuko wapi, kama mtu mwingine yeyote anayesikia yowe barabarani, na ngumi ya kwanza ikamkuta amegeuka.

Ukweli wa jogoo nilikuja kuujua baadaye. Mke wa Saidi alikuwa amejifungua siku tatu nyuma, mtoto wao wa kwanza. Mama alisikia habari hiyo Saidi alipokuwa anamimina maji kwenye mapipa, akaenda mnadani, akamnunua jogoo wake mwenyewe kwa hela ya unga wa wiki, akamkabidhi. "Mpelekee mzazi, anywe supu." Watu walipiga makofi. Walimwona wote, uwanja mzima, Mzee Anderea ndiye aliyemtoa jogoo mikononi mwake. Yeyote kati ya wale watu mia angeweza kutoka nje na kusema maneno matatu.

Aliyetoka ni Mama peke yake. Nilimwona akipita getini mbio, kitenge kinamvuka, na nyuma yake wanaume wawili watatu wa kanisa wakafika mpaka getini, wakaona kilichokuwa barabarani, na Mzee Anderea akalivuta geti la kijani akatia komeo. Nilikuwa juu, niliona pande zote mbili. Ndani watu wamekusanyika kimya, wengine wanachungulia kwenye nyufa. Nje Saidi yuko chini. Fundi pancha alikuwa na kila kitu kinachohitajika kwa kazi ile, tairi kuukuu na kidumu cha petroli.

Mama alipofika kwenye lile duara la watu alisimama. Akaangaza huku na huku, kisha akainua uso, akatazama juu. Alikaa hivyo kitambo kidogo, na hata kutoka kule kwenye tangi nikaona midomo yake inatikisika. Nikajua anaomba. Halafu akawasukuma watu kwa mabega, akaenda akalala juu ya Saidi, mwili mzima, kama mtu anayefunika moto.

"Toka we mama! Tutakuunguza na wewe!"

"Jogoo ni wangu! Nimempa mwenyewe, kwa mkono wangu huu!"

"Kumbe mnashirikiana!"

"Kama mwizi si mumpeleke polisi? Jela ya Segerea si ipo? Mpelekeni!"

"Segerea wanatoka kesho yake, sie tunaibiwa tena!"

Mtu mmoja aliinua ubao kumlenga Saidi kichwani. Mama akakinga kwa mkono. Sauti ya ule mkono niliisikia, na sitaielezea. Mwingine akamwaga petroli, ikamwenea Mama mgongoni na kichwani, kitenge kikamgandia. Nilifungua mdomo nipige yowe jingine, niseme nimedanganya, si mwizi, ni Kaka Saidi. Sauti haikutoka. Ile niliyokuwa nayo nilishaitumia.

Aliyewaokoa hakuwa mtu wa Yesu, na hata sijui kama alikuwa mtu mwema. Mbele ya pale palikuwa na duka la nafaka la Bwana Nassoro, Mwarabu mnene mwenye gubu, ambaye sisi watoto alikuwa anatufukuza kwa fagio. Alitoka na funguo mkononi, anafoka.

"Wanaharamu nyie! Mnachoma mtu mbele ya duka langu? Unga wangu ukishika moto, nani atalipa? Babako? Wewe na hicho kiberiti, babako atalipa?"

Baadhi wakacheka. Kucheka kule kuliwapotezea ari, wakaanza kutazamana, na Bwana Nassoro akafungua wavu wa duka. "Mama ingia! Ingia na balaa lako hilo, haraka, mnanitia nuksi!" Mama akamburuta Saidi kwa mkono mmoja, wavu ukafungwa. Polisi walikuja baadaye sana, na kijiwe kilikuwa kitupu. Bosi hakuonekana tena. Katika wale waliokuwa wanampiga mwizi wa kuku, mmoja aliondoka na kuku.

Mama alirudi nyumbani na hogo la plasta mkononi, na harufu ile. Baba alipotoka zamu alikuwa ameshaambiwa yote njiani.

"Una watoto watatu ndani," alimwambia, na sauti yake ilikuwa inakatika, "unakwenda kumlalia mwanaume barabarani! Wangekuchoma, hawa ningewaambia nini?"

"Ungewaambia mama yao amekufa."

Nilikuwa upande wa Baba. Nilikuwa upande wake siku ile na nimekuwa upande wake miaka yote. Mama ana watoto watatu, ameona kifo, akakikimbilia kwa ajili ya muuza maji. Hesabu ile niliifanya nikiwa na miaka tisa na jibu likawa wazi: wa kwanza Yesu wake, wa pili Saidi, sisi wa mwisho.

Siku ya tatu mjumbe wa mtaa alikuja na daftari. Nilikuwa nyuma ya pazia.

"Mama Neema, tunataka kujua tu, yowe la kwanza alipiga nani? Maana wa kijiweni wanasema walisikia sauti, wakatoka."

"Sikusikia, mjumbe," Mama alisema. "Mnadani kulikuwa na kelele."

Mama yangu alikuwa mtu wa kuturudisha dukani na chenji iliyozidi. Hakuwa anadanganya hata kwa mzaha. Kwa hiyo nilimwamini, nikashusha pumzi nyuma ya pazia, nikajua nimepona.

Jumapili iliyofuata mchungaji alihubiri habari zake. Alisema dada yetu aliinua macho yake mbinguni katika saa ya hatari, akapewa nguvu. Hilo la macho lilitoka kwangu, nilimsimulia mwalimu wa shule ya Jumapili, na likasambaa usharika mzima. Mchungaji akamwomba asimame ili kanisa limshukuru Mungu. Makofi yakaanza, na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote, nilimwona, alikuwa Mzee Anderea. Baadaye alieleza kwamba alifunga geti kulinda sadaka na watoto. Sadaka aliitaja kwanza. Mama hakusimama. Alikaa anatazama hogo lake mpaka makofi yakaisha yenyewe kwa aibu.

Mtaani hawakupiga makofi. Mama alikuwa anauza vitumbua barazani asubuhi, na kwa majuma kadhaa vilikuwa vinarudi ndani vyote, tunavila sisi mpaka tunavichukia. Wanawake walimwita mama wa wezi, akiwa anasikia. Saidi alikuja mara moja kuaga, anahamia Buguruni kwa kaka yake, meno ya mbele hana, mkewe amembeba mtoto. Nilijificha uvunguni. "Mchumba yuko wapi?" nikasikia anauliza, na maneno yanampita kwenye pengo. Mama akamwambia nimetumwa dukani. Ulikuwa uongo wake wa pili, na huo pia sikuuelewa.

Mkono uliunga vibaya. Haukupanda tena juu ya bega, na kwa hiyo hakuweza kunisuka. Jumamosi zetu za kukaa katikati ya magoti yake, nikivutwa nywele na kusimuliwa habari za kwao Njombe, ziliisha. Nilinyolewa kipara na nikasema kimoyomoyo, haya, na nywele zangu pia amepewa Saidi. Nilikua na hasira hiyo. Nilipoanza kazi nilimtumia Mama kila alichohitaji isipokuwa mimi mwenyewe. Kanisani nilikwenda kwa harusi na mazishi, nikakaa karibu na mlango.

Alipozidiwa, mwaka wake wa mwisho, mdogo wangu alichoka kumuuguza peke yake ikabidi nirudi Temeke. Nilikuwa namwogesha asubuhi, amekaa kwenye stuli uani, ameegemea ukuta, mwepesi kama mtoto. Siku moja nilikuwa naupitishia sabuni ule mkono uliopinda, nikagusa pale mfupa ulipofanya nundu, na neno likanitoka bila kulipanga.

"Mama, aliyemwitia Saidi mwizi ni mie."

"Najua."

Nikaacha kusugua.

"Sauti ya mwanangu nisiijue?" alisema. "Nilikuwa mnadani nikasikia unapiga yowe. Maneno sikuyashika mpaka nilipofika kwa wale watu, niliishika sauti tu. Nikajua kuna mtu kakukamata. Nikakimbia. Kufika pale watu wamejaa, nikakutafuta, nikasema huyu aliye chini ni mwanangu. Halafu nikakuona juu ya tangi, mzima, na viatu vyako vyeupe. Nikasema asante Bwana."

"Ulikuwa unaomba. Uliinua macho, Mama, mie nilikuona."

"Sikuwa naomba. Nilikuwa nakutazama wewe."

Na kwa sababu mimi ndivyo nilivyo, nikageuza ugomvi. Nikamfokea mgonjwa, amekaa uchi mbele yangu na mapovu mgongoni.

"Sasa si ungerudi? Si ulishaniona mzima? Geti wangekufungulia, si ungerudi, Mama!"

Aliuvuta ule mkono mbovu kutoka mikononi mwangu, akauinua mpaka pale ulipokuwa unafika, akauweka begani kwangu ukiwa umelowa.

"Ningerudi, angekufa. Na wewe ungekuwa umeua mtu, Neema. Ulikuwa na miaka tisa. Haya, nimalizie mgongo. Maji yanapoa."